Kitanda, Jeneza, Kitanda, Jeneza

Tovuti yangu ya kwanza ya useremala niliundiwa na kitinda mimba wetu akiwa chuoni. Kwenye kompyuta ilipendeza. Kwenye simu uliisukuma kushoto na kulia kama mtu anayetafuta chawa, na ukikifikia kitanda unaona miguu tu.

Sikujali, hadi kamati ya kanisa moja huko Kikima ilipotafuta fundi wa mabenchi. Mwenyekiti alisema wangekutana Jumamosi, kila mtu aangalie kazi zangu kwa simu yake. Karakana yangu hapa Kitui ilikuwa imekaa miezi mitatu bila kazi kubwa. Niliyahitaji hayo mabenchi.

Niliacha shule kidato cha pili tulipozika wazazi, lakini kufuata maagizo najua. Nilienda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, nikachagua themu mpya ya tovuti, ile inayojipanga yenyewe kulingana na ukubwa wa skrini. Vitanda nikaviweka kushoto, majeneza kulia, meza na mabenchi chini. Nikaenda zangu nikijisifu.

Ijumaa yule kitinda mimba alinipigia akicheka hadi akakohoa.

"Dada, umeifungua kwa simu?"

"Ya nini? Nimeiona kwa kompyuta."

"Kwa simu safu zote zimekuwa moja. Kitanda, jeneza, kitanda, jeneza. Mtu anaoa, anakufa, anaoa, anakufa. Mabenchi yako huko mwisho, utadhani ni ya waombolezaji."

Nikafungua. Kitanda cha maharusi, futi sita kwa sita, kilikuwa kimekaliwa kichwani na jeneza lenye dirisha la kioo.

"Toa majeneza," akasema. "Kamati ikiamua, uyarudishe."

"Wewe ulisomeshwa na nini?"

"Majeneza."

"Basi."

Nikakaa kwenye rundo la mbao, nikapanga upya kwa kidole gumba: mabenchi juu, kisha meza, vitanda, na majeneza mwisho kabisa.

Jumamosi mchana mwenyekiti akapiga.

"Fundi, mabenchi tumeyapenda. Lakini tumeshuka mpaka chini."

"Ndiyo, mzee."

"Huko chini kumetutisha kidogo. Unaweza kuviondoa vile vitu?"

"Hapana, mzee. Hiyo pia ni kazi yangu."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama mmoja: "Mwambie alete. Kwani sisi tutazikwa kwa gunia?"

"Leta ishirini," mwenyekiti akasema. "Yawe na mgongo. Na usiyapakie gari moja na vile vitu vingine."

Siku niliyoyapeleka, waumini waliyazunguka bila kukaa. Mama mmoja alijitokeza, na alipofungua mdomo nikaitambua ile sauti ya kwenye simu. Aliligonga benchi la kwanza kwa kidole, akalinusa, akakaa pembeni.

"Hii ni mbao gani?"

"Saipresi."

"Na vile vitu vingine vya huko chini?"

"Saipresi pia, mama."

Alisogea mpaka katikati, akaegemea, akawaambia wengine waache kusimama kama wageni.