Vichwa vya Dagaa

Nilikuwa nikiratibu ulinzi wa wahamiaji kwenye kituo kimoja mpakani Tunduma. Bibi mmoja kutoka Kongo alikuja kumchukua mjukuu aliyepotezana naye njiani, lakini kwanza tuliwahoji katika vyumba tofauti, na majibu yao yalipaswa kufanana. Bibi alikosea tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, akakosea na jina la shule yake. Nikaona mtoto atabaki kwetu kituoni.

Harufu ya dagaa ikatoka jikoni. Nikaweka fomu kando.

“Bibi, mkila dagaa, mjukuu wako anafanyaje?”

“Ananiwekea vichwa, mwanangu! Nani kamwambia navipenda?”

Nikakimbilia chumba cha pili, nikamuuliza mtoto swali lilelile.

“Vichwa namwachia bibi. Anavipenda sana!”

Nikacheka hadi nikashindwa kuandika. Kabla hawajaondoka pamoja, tuliwapa ugali na dagaa wale. Bibi alikula vichwa vyote, akinikonyeza nisiseme.