Dawa Iliyobaki Ngozini

Tangu tumzike mama siwezi kukaa mahali pamoja. Nafagia uwanja ambao nimeshaufagia, naenda kuchota maji na ndoo zimejaa. Majirani hapa Kwihara wanadhani naiwaza siku aliyofariki. Hapana. Ile ilikuwa siku ya utulivu. Ninayoirudia ni siku ya plasta.

Mayu, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kinyamwezi, alikuwa na saratani iliyofika kwenye mifupa. Hospitali walimpa plasta ya kubandika mgongoni, dawa ya maumivu ikawa inapita kwenye ngozi polepole. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alilala bila kung'ata upindo wa kanga.

Asubuhi moja mdogo wake, mama yangu mdogo, alikuja kumjulia hali. Akachemsha maji, akachovya taulo, akamkanda mgongo mzima na plasta ikiwa palepale. Kwetu anayeumwa mifupa hukandwa. Beseni nilileta mimi. Kama tuliwahi kuambiwa kwamba joto huiharakisha dawa, sikusikia.

Kabla jua halijapanda sana, Mayu akaacha kunijibu. Alikuwa anapumua, anakaa kimya kirefu, kisha anapumua tena. Tukaibandua plasta, tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali mjini.

Nesi alimchoma sindano ya kuizuia ile dawa. Mayu akafumbua macho. Mama mdogo akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Haya, twende zetu. Kuku wangu hawajala."

"Hamwendi popote," nesi akasema.

"Si tumeshaibandua?"

"Plasta imetoka, mama. Dawa haijatoka." Akachana kipande cha boksi la glovu, akachora kilima kinachopanda kwa haraka na kushuka taratibu sana. "Ngozi ni kama ukuta wa udongo wa nyumba ya tembe. Mvua ikikatika, ukuta haukauki saa ileile. Maji uliyonyonya yanaendelea kupenya ndani. Sindano yangu itaisha nguvu kabla ukuta haujakauka."

"Utakauka lini?" nikauliza.

"Mchoro unasema kesho. Lakini mchoro haujamwona mama yako. Amekonda, na mmemkanda."

"Kwa hiyo mimi ndiyo mvua?" mama mdogo akauliza.

Ikawa kama nesi alivyosema. Mayu alizama tena, akachomwa tena. Mimi nilikwenda bombani, nikarudi, nikasimama mlangoni, nikakunja kanga iliyokwisha kukunjwa. Mama mdogo hakuondoka kando ya kitanda.

"Dada! We dada! Amka tugombane. Lile sufuria lako ninalo mimi, na nimelitoboa!"

Mayu hakufumbua macho.

Nilimfuata nesi na kumuuliza nitajuaje kwamba dawa inakwisha. Akafikiri kidogo. "Ataanza kuumwa," akasema.

Basi nikaketi, nikamwombea mama yangu aumwe. Sikuomba kwa mafumbo. Nilisema, Mungu, mrudishie maumivu yake. Maumivu yaleyale niliyokuwa nimeomba miezi yote ayaondolewe.

Kulipopambazuka alikunja uso. Akajaribu kugeuka, akaguna, mkono wake ukatafuta upindo wa kanga, akaung'ata. Nikapiga makofi. Nilipiga makofi kabisa, wagonjwa wengine wakageuka. Mama mdogo alikuwa analia na kucheka.

"Mgongo," Mayu akasema. Kisha akamtazama mdogo wake. "Umelitoboa na nini?"

"Ukipona nitakuonyesha."

Halafu akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa mazima, yamejaa maumivu.

"Mwanangu, unafurahia nini?"

Nikamwambia apumzike. Nilitaka kumweleza tukifika nyumbani, atakapokuwa na nafuu. Wakambandika plasta nyingine baadaye, ndogo zaidi, na tukaacha kumkanda. Aliishi wiki chache, akafariki bila kung'ata kanga. Hakuniuliza tena, nami kila nilipoketi karibu yake nilikumbuka kazi fulani ya nje, nikainuka.