Povu la Sabuni

Kila nikisikia harufu ya sabuni ya mche, namkumbuka mama. Sura za watu hazikumkaa kichwani, hata za majirani. Sokoni Shianda baba alimnong'oneza majina ili asalimie. Akienda peke yake alipita kimya, nao wakasema, "Uhuru tumepata, na huyu bado anaringanga kama mzungu!" Sisi watoto alitutambua kwa nywele. Zangu zilikuwa nyekundu kama udongo.

Baba akafa. Baada ya mazishi, kama ilivyo desturi yetu, watoto wote wa ukoo tulipakwa povu tukanyolewa kipara. Tulikaa kimya uani. Mama akaja na uji, akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia akaniuliza kwa upole, "Na wewe, ni mtoto wa nani?"