Fagio Juu ya Chemchemi

Mama yangu, Agrafena, ameishi miaka sitini kando ya mto Nyalyugan, na haziamini ramani. Ramani husema mto wetu unaingia mto mkubwa wa Ob, basi. Yeye anajua kwamba kila Januari maji ya Ob hufa chini ya barafu, yakawa mekundu na kunuka chuma, na samaki hukimbilia huku kwetu kutafuta pumzi, kwenye chemchemi iliyo kona ya tatu. Hapo ndipo tunapotega. Samaki wakikosekana hapo, tunalala njaa hadi barafu iyeyuke.

Mwaka mmoja mume wangu, Yefim, alitaka kumfurahisha mama mkwe. Yeye kakulia kwenye mto mkubwa, wenye kina, ambako barafu haifiki chini. Basi akafagia theluji yote iliyofunika barafu juu ya chemchemi, pakang'aa kama sahani. Jamani! Theluji ndiyo blanketi la mto. Ukiiondoa, barafu inanenepa kwenda chini. Baada ya siku nne ilikuwa imegusa changarawe na kuziba chemchemi.

Kwetu mwanamke hasemi na mkwewe wa kiume, na mbele yake hujifunika uso. Kwa hiyo Mama alimgeukia mbwa.

"Sorni, hebu muulize huyo bwana usafi, kwao vumbi limeisha?"

"Sorni, mwambie Mama nimekosa," Yefim akajibu, kichwa chini. "Naomba mtaimbo."

"Mwambie asijitoboe mguu. Kiwete naye anakula."

Nilicheka, kisha nikaogopa, maana maji niliyochota kule chini mtoni yalishaanza kunuka chuma. Wakachimba siku mbili, Mama upande huu, Yefim ule, mbwa katikati akipokea matusi yasiyo yake. Siku ya pili mchana mtaimbo ukazama ghafla, maji meupe yakabubujika. Tukangoja. Hakuna kitu. Mama akalala kifudifudi, jicho shimoni.

Ukapita mkia mmoja. Halafu migongo, mingi, imesongamana.

Mama akainuka akicheka na kulia, mtandio umeanguka, uso wazi kabisa! Yefim akageuka upesi, akaikodolea macho miti hadi Mama alipojifunika tena.

"Sorni," Mama akasema, sauti imelainika, "mwambie huyo mwanangu fagio lake tukokee moto. Samaki wa kwanza ni wake."