Mpira wa Kumshusha Kichwa Maksai

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana nilipomwona yule mzee mfugaji wa njia ya Mikumi akiingia uani kwetu Chanzuru, bila kuitwa, kutuuzia maksai wawili, moyo wangu ulikataa palepale. Sisi tumelima kwa jembe la mkono tangu enzi za babu. Yeye kwao, kanda ya ziwa, plau wanaizoea wangali watoto. Sasa mtu anayejua ng'ombe hivyo anauza wazima kwa sababu gani? Nilimuuliza mume wangu. Akasema nina roho mbaya, akanunua.

Yule mwekundu hakuwa na neno. Mweupe ndiye aliyetuonyesha mambo. Ukimfunga nira anainua kichwa, anakipindisha kulia, upande usio na mwenzake, nira inapanda masikioni, plau inaruka juu ya udongo. Mume wangu anavuta, anachapa, anatukana. Nikamwambia, haya sasa, si nilisema? Katuuzia mkorofi huyu mzee, anasubiri tushindwe aje amchukue kwa bei ya mbuzi.

Masika yalikuwa yanakaribia na shamba bado gumu. Mume wangu akaapa kwamba mweupe asipovuta kabla ya mvua, anakwenda kwa mchinjaji Kilosa mjini. Hapo niliumia, nisiseme uongo. Muuzaji simwamini, lakini ng'ombe alikuwa mpole. Nikimpelekea pumba alikuwa ananilamba mkono.

Shemeji yangu ni bodaboda mjini, mtu wa simu. Akaja na video ya farasi wa Wazungu, wamefungwa mikanda kutoka mdomoni hadi kifuani, shingo zimekunjwa, vichwa chini, wanatembea kwa madaha kama maharusi. Akasema dawa ndiyo hii. Wakachana mpira wa ndani wa tairi, wakamfunga mweupe mdomoni, wakaupitisha katikati ya miguu ya mbele na kuufunga kwenye kamba ya tumboni. Akiinua kichwa tu, mpira unamrudisha chini.

Kweli kichwa kilishuka. Akavuta mistari kadhaa, shemeji akapiga makofi. Mimi sikupiga. Macho yalikuwa yamemtoka yule mnyama, povu linadondoka, na bado alikuwa anachungulia kulekule kulia. Anatafuta nini kule? Wale wawili wakaniambia niache maneno.

Akili za kuambiwa changanya na za kwako. Jioni niliwapeleka mwenyewe mtoni, bila nira, bila mpira. Mweupe akazunguka nyuma ya mwenzake, akaenda kutembea kushoto kwake. Nikamswaga arudi kulia. Akazunguka tena, akarudi kushoto, akatulia. Mwenzake sasa alikuwa upande wake wa kulia. Jamani! Kumbe alikuwa anamtafuta mwekundu upande aliomzoea.

Asubuhi nikamwambia mume wangu awabadilishe. Nilitegemea ubishi, lakini aliutupa mpira pembeni, akawabadilisha. Mweupe akaingiza shingo kwenye nira kama mtu anayevaa shati lake. Kichwa kikashuka chenyewe. Tukalima mpaka jua likawa kali, na habari ya mchinjaji ikaishia hapo.

Tukiwa bado shambani, yule mzee akapita na baiskeli akitokea Munisagara. Nikampa shikamoo ya nusu mdomo, nikijua kaja kuchungulia kama tumeshindwa. Akaitikia marahaba, akaingia shambani moja kwa moja mpaka kwa mweupe. Kona za mdomo zilikuwa zimechanika, nzi wamejaa. Akauliza kimemkata nini. Shemeji akaeleza habari za farasi, sauti ikazidi kupungua kadiri alivyoeleza.

Mzee akamgeukia mume wangu. "Siku ile nilikushika mkono nikakwambia mweupe ni wa kushoto. Hukunisikia?"

Mimi hilo sikuwahi kuambiwa.

"Nilikusikia," mume wangu akasema, anaangalia chini. "Lakini maneno ya mke wangu yalishaniingia, nikajua unatudanganya. Nikamweka kulia makusudi."

Mzee akatugeuzia mgongo. Alichota maji kwenye ndoo yetu ya kunywa, akaanza kumwosha ng'ombe mdomo kwa kiganja, taratibu, akimsemesha kwa lugha ya kwao. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumkaribisha hata akae kivulini.