Blanketi la Mama na Misumari Minne

Juzi nilikuwa hapa Kasulu, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la yule mzee wa Pangani anayesahihisha Kiswahili cha kila mteja. Akaingia mama mmoja wa Titye, amekumbatia blanketi la viraka vya vitenge.

"Naomba misumari minne. Nataka kumtundika ukutani."

"Blanketi si mtu, mama. Sema kulitundika."

"Ndiyo, baba. Kumtundika."

Mzee akacheka, akauliza viraka vimetoka wapi. Mama akavigusa kimoja kimoja. Hiki marehemu mama yake alikivaa walipovuka mpaka kutoka Burundi. Hiki alimbebea yeye mgongoni. Hiki kilikuwa cha kanisani. Aliviunga kwa mkono wake, mwaka wake wa mwisho.

Mzee akairudisha misumari kwenye kopo.

"Hii italichana na kulitia kutu. Lishonee pindo nyuma, kama la pazia, upitishe fimbo. Fimbo ndiyo uitundike."

Mama akashukuru kwa mikono miwili. Alipofika mlangoni, mzee akamwita.

"Na usimweke juani. Atapauka."

Nilisubiri ajisahihishe. Akaniuliza tu nataka nini.