Tulivyokwenda Tunduma Kutafuta Trekta la Mashamba Yetu ya Ikinga

Tulitoka Ikinga kwa sababu zizi lilikuwa tupu. Sheria na Disko, ng'ombe wetu wawili wa kulimia, baba aliwauza mnadani mara tu baada ya mavuno. Walikuwa wamezeeka, na nyonga ya baba nayo ilikuwa imegoma. Msimu uliopita alikuwa akilima mistari miwili anakaa, miwili anakaa. Siku ya kuwauza hakwenda mwenyewe. Alimtuma baba mdogo, yeye akabaki nyumbani anapanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Sasa mvua zilikuwa zinakaribia na hatuna cha kulimia. Hela ya ng'ombe, ukiunganisha na ya kahawa, ilitosha trekta moja lililotumika. Moja tu. Tukikosea hapo, hatuna ng'ombe, hatuna hela, na mashamba itabidi yakodishwe kwa watu wa parachichi. Hao wakishapanda miti yao, huwaondoi leo wala kesho. Baba alilisema hilo mara moja tu, tukiwa tunakula, na mama akaacha kutafuna.

Nilichaguliwa mimi kwenda na baba mdogo, kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na, kama mama alivyosema, nina mdomo. Na mimi nilikuwa nimeshaamua kabla hata ya kufunga begi: tunachukua kubwa. Trekta ambalo likipita mtu anaacha jembe anatazama. Utoto wangu wote niliumaliza nikisubiri Disko anywe maji, Disko apumzike, Disko akubali kusimama. Nilikuwa nimechoka kusubiri.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umelala mpaka barabarani. Tulishuka kwa pikipiki hadi Isongole, na kila kona ilinikumbusha kitu. Hapa ndipo Sheria aliwahi kugoma katikati ya njia, watu wa harusi wakasimama nyuma yetu na keki yao. Pale ndipo baba alikuwa anawaimbia. Hakuwa anaimba wimbo wowote wa maana. Alikuwa anawataja majina na kuwasifia kwa Kindali, na wao wanatikisa masikio. Sauti ile sikuwahi kufikiri kwamba itakuja kuisha.

Isongole tulipata Canter ya maharage inayokwenda Tunduma. Baba mdogo alikaa kati, mimi dirishani. Baba mdogo Ambokile ni mdogo wake baba wa mwisho, fundi wa kuezeka mabati, mtu wa mipango mikubwa na kicheko kikubwa. Kabla hatujafika Mpemba dereva alikuwa ameshasikia habari zote za trekta ambalo hatujalinunua.

"Tukishalima kwetu, tunalimia watu," baba mdogo alisema. "Mpaka Itumba huko wataniita."

"Watakuita nani?" nikamuuliza.

"Bosi. Wewe utakuwa karani wangu."

"Mimi nitakuwa dereva."

"Dereva mwenye haraka kama wewe? Utalima mpaka makaburi."

Dereva wa Canter alicheka mpaka akakosa gia.

Mchana tukaingia Tunduma. Malori yamejipanga kuelekea mpakani hata huoni mwisho wake, vijana wanakimbia na mabunda ya kwacha za Zambia mkononi, vumbi linakaa mdomoni kama unga. Yadi ya matrekta ilikuwa kwenye barabara ya Sumbawanga. Mwenye yadi, Bwana Sichone, ni Mnamwanga mnene mwenye sauti ndogo. Alikuwa anaagana na mteja wake kutoka ng'ambo. "Natotela mukwai," walishukuriana kwa Kibemba, halafu akatugeukia sisi kwa Kiswahili.

"Karibuni watu wa Ileje. Ekari ngapi?"

"Sita," nikajibu haraka.

"Zote ziko sehemu moja?"

Baba mdogo alifungua mdomo lakini mimi nilikuwa nimeshawahi. "Ndiyo, zote zetu."

Sikuwa nadanganya. Kwetu ndivyo tunavyosema. Baba husema "ekari zangu sita" kama mtu anayesema "watoto wangu sita". Hakuna anayeuliza kama wanalala chumba kimoja.

Bwana Sichone akatuonyesha mawili yaliyokuwa ndani ya uwezo wetu. La kwanza lilikuwa jekundu, refu, nguvu za farasi sabini na tano, na plau la diski tatu nyuma. La pili lilikuwa dogo, la Kijapani, farasi ishirini na kitu tu, limefungwa rotaveta, yale majembe yanayozunguka na kusaga udongo. Bei zao hazikuachana sana, kwa sababu jekundu lilikuwa limezeeka.

"Kwa ekari sita hili dogo linatosha," alisema.

"Tunataka kulimia na watu," akasema baba mdogo.

"Hapo sasa labda jekundu. Lakini linakunywa mafuta hilo, mjue."

Nilipanda kwenye kiti cha jekundu, nikashika usukani. Ukikaa pale juu unaona mabati ya nyumba za watu. Lile dogo nililitazama nikasema ni la kubebea mtoto mgongoni. Baba mdogo akanigongea mkono.

Bwana Sichone hakucheka. "Msinunue kwa macho," alisema. "Kesho napeleka matairi Msangano, kwa mama mmoja niliyemuuzia jekundu la aina hii hii. Twendeni mkalione likiwa kazini, halafu ndio mje mnipe hela."

Nilikasirika kimoyomoyo. Siku nzima nyingine ya kusubiri!

Msangano, siku iliyofuata. Ukishuka kule joto linakupokea mapema. Nilivua sweta, nikavua na kitambaa. Mwenyeji wetu, Mama Namwinga, ni mkulima wa mpunga na ufuta. Alitupokea akiwa amesimama katikati ya shamba, mikono kiunoni.

"Hawa ndio watu wa milimani? Mmekuja na makoti, mlidhani mnakwenda Ulaya?"

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Vua na viatu, hapa hakuna baridi ya kukuuma."

Shamba lake ni tambarare hadi macho yanachoka. Trekta jekundu lilikuwa linapita, na nyuma yake udongo unalala upande kama blanketi linalokunjwa. Ile harufu! Ndiyo ile ile ya kwetu, ya siku ya kwanza ya kulima, wakati mimi ni mdogo natembea pekupeku kwenye mfereji wa plau, miguu inapata ubaridi, na baba yuko nyuma anasema, "Disko mwanangu, Disko bwana mkubwa." Macho yalinijaa. Nikasingizia vumbi.

Mama Namwinga aliniruhusu kupanda pembeni ya dereva. Tulikwenda mstari wa kwanza kama tunaruka. Tulipofika mwisho trekta halikugeuka. Liliendelea, likatoka nje ya eneo lililolimwa, likazunguka duara kubwa kwenye nyasi tupu, likarudi.

"Mbona tumeenda mbali hivi?" nikamuuliza dereva.

"Nageuza."

"Mpaka kule?"

"Sasa nigeuze wapi, mgongoni kwako?"

Niliposhuka Mama Namwinga alinionyesha zile nyasi. "Hapa siweki kitu. Nimeacha pana hivi pande zote mbili ili ligeuke. Nyie kwenu mnageuzia wapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa hatua upana wa zile nyasi.

Niwaeleze nyie msiofika Ikinga. Ekari zetu sita ni vipande vitano, na kila kipande kiko kwenye bega lake la mlima. Babu aliwagawia wanawe kwa kukata ardhi kutoka juu kwenda chini, ili kila mmoja apate penye rutuba na pasipo na rutuba. Kwa hiyo vyote ni vyembamba kama mikanda, na hatulimi kushuka, tunalima kukatisha mlima. Nafasi ya kugeukia hatuna. Ng'ombe wetu walikuwa wanageukia kwa jirani. Ndiyo desturi. Unainua plau, ng'ombe wanaingia ncha ya shamba la mwenzako, wanajikunja, wanarudi. Jirani naye anageukia kwako. Ndiyo maana hakuna anayepanda ncha zake mpaka wote wamalize, na anayemaliza mwisho ndiye anayezilima na kuzifunga ncha za wote. Kwenye kipande tunachokiita Kwa Bibi, tunageukia katikati ya mistari ya kahawa ya Mama Sekela. Sheria na Disko walikuwa wanapita pale bila kuangusha hata tunda moja.

Wakati wa kurudi nilikaa nyuma ya pikapu, juu, peke yangu. Nilikuwa nalipima lile duara kichwani, nalilaza Kwa Bibi. Lilimeza kipande chote pamoja na kahawa ya watu.

Asubuhi yake, Tunduma, baba mdogo alikuwa ameshaanza kusalimiana na Bwana Sichone kwa mikono miwili. Nikamvuta pembeni.

"Baba mdogo, lile kubwa haliwezi."

"Haliwezi nini?"

"Kugeuka. Kwa Bibi litageukia wapi?"

"Tutakata kahawa mistari miwili, tutamlipa Mama Sekela."

"Na kule kwa Mbigili? Na kule bondeni? Kote tutakata? Na kile kidaraja cha magogo cha kuingilia kwetu, kitalibeba?"

Alinitazama kwa hasira kabisa. "Juzi si wewe uliyekuwa umekaa juu pale kama mkuu wa mkoa? Leo unanigeuka mbele za watu? Trekta dogo litamlimia nani Itumba?"

"Itumba hatuna shamba! Mashamba ya baba ndiyo yanaondoka tukikosea, baba mdogo, siyo ya Itumba."

 Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti. Bwana Sichone, ambaye alikuwa anasikia kila kitu, akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Kwani hizo ekari haziko sehemu moja?"

"Ni vipande," nikasema. "Samahani, nilijibu haraka."

Nikamwomba matairi mabovu yaliyorundikwa ukutani. Upana wa Kwa Bibi naujua kwa miguu. Nikapanga matairi mistari miwili, kisha nikapanga mengine upande wa mwisho.

"Haya ndiyo kahawa ya Mama Sekela," nikasema. "Geuza."

Jekundu likaja. Dereva wa yadi alikata kona mpaka mwisho, akarudi nyuma, akakata tena. Matairi matatu yakabiringika mpaka barabarani, na watu wa duka la jirani wakashangilia kana kwamba ni mpira. Kisha likaja lile dogo. Likaingia, likajikunja na kurudi nyuma kidogo, likatoka. Tairi moja liliguswa, likayumba, likabaki limesimama.

Baba mdogo alizunguka yale matairi. Mwishowe akasema, "Hilo moja lililoyumba, Mama Sekela atalipigia kelele wiki nzima." Nikajua ameshakubali.

Bwana Sichone akampigia hesabu ya mafuta na akamwonyesha duka la spea palepale Tunduma, ili tusije tukahangaika hadi Mbeya. Alituambia pia ukweli ambao hatukuupenda: kwenye mteremko mkali hata hilo dogo tusilipeleke, litapinduka. Kwa hiyo kipande cha juu kabisa tutaendelea kukilima kwa jembe la mkono. Hakuna trekta lake.

Safari ya kurudi tulilipakia lile dogo kwenye lori hadi Itumba, kisha nikaliendesha mwenyewe kama dereva wa yadi alivyonifundisha, baba mdogo amesimama nyuma kwenye rotaveta akipungia watu. Hakuna aliyeacha jembe kunishangaa. Mzee mmoja aliuliza kama litakua.

Kwenye kidaraja cha magogo baba alikuwa anatusubiri na fimbo yake. Alishuka chini akachungulia magogo, akapanda, akasema, "Pita taratibu, mwanangu." Magogo yalilia, lakini yalishika. Baba aliligusa bati la mbele kwa kiganja, likiwa bado la moto, akaondoa mkono haraka. "Hili halina masikio," alisema. Sikujua kama analaumu au anatania.

Mvua ya kwanza ilipopita tulianza na Kwa Bibi. Mwisho wa mstari Mama Sekela alikuwa amesimama mbele ya kahawa yake kama golikipa. Nilikata usukani, nikaingia kwake, nikarudi nyuma kidogo, nikatoka. Aliinama akaangalia miche yake mmoja mmoja.

"Haya, endelea," akasema. "Na ukimaliza kwenu usizime. Shuka kwangu."

Mashamba tunayo bado. Watu wa parachichi walipita, baba akawapa maji ya kunywa wakaenda zao. Kwa anayetafuta trekta la shamba dogo, nilichojifunza ni hiki: usitaje jumla ya ekari, taja kipande chako chembamba kuliko vyote, njia ya kukifikia, na mahali utakapogeukia. Ukubwa wa trekta uko hapo.

Lakini kuna jingine. Zamani kulima Kwa Bibi kulichukua siku nzima. Majirani wanasubiriana kwenye ncha, mama anakuja na sufuria ya magimbi kichwani jua likiwa katikati, watu wanakaa kwenye nyasi wanakula huku ng'ombe wanacheua. Siku ile tulimaliza kabla jua halijachoma. Mama alikuwa bado yuko nyumbani anamenya. Baba mdogo akaniambia twende bondeni, tuna muda.

Nilizima injini. Nikamwambia mimi nakaa hapa mpaka chakula kije.